Kufuata mwenza kusiwe fadhila

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua za wasomaji ili niseme jambo kuhusu watumishi wa umma, hasa walimu, ambao kazi imewaweka mbali na wake, waume, watoto na wazazi wao kwa miaka mingi. Kila ifikapo Mei 15, Siku ya Kimataifa ya Familia, tunaelezwa majukwaani kwamba familia ndiyo msingi wa taifa, wazazi wanahimizwa kulea kwa pamoja na wanandoa wanausiwa kuvumiliana. Sina ugomvi na maneno hayo. Ugomvi wangu ni kwamba yanasemwa na mwajiri yuleyule aliyempangia mume kituo mkoani Rukwa na mke kituo mkoani Tanga, na ambaye ombi la wawili hao la kuishi pamoja analipokea kama ombi la fadhila, linaloweza kungoja mpaka nafasi ipatikane.

Nilifundisha shule za msingi, kisha nikapewa kusimamia elimu katika kata, tangu tulipokuwa tukiitwa Waratibu Elimu Kata hadi tulipobadilishwa jina na kuwa Maafisa Elimu Kata. Kwa utaratibu wa wakati huo barua ya mwalimu anayeomba kuhama ilianza kwa Mwalimu Mkuu, ikaja kwangu, ikaenda kwa Mkurugenzi wa Halmashauri, na kama mwombaji anavuka mkoa ikapanda hadi Ofisi ya Rais TAMISEMI. Kila mmoja wetu aliandika maoni yake mafupi na kugonga muhuri. Siku hizi maombi yanajazwa katika mfumo wa kielektroniki, jambo ambalo ni nafuu kubwa, kwa kuwa mwalimu hahitaji tena kusafiri hadi Dodoma na bahasha mkononi kwenda kuulizia faili lake. Lakini mfumo umebadilisha njia ya kuombea tu, na kinachoombwa, pamoja na sababu za kukataliwa kwake, vimebaki vilevile.

Nimeziona nyingi barua zenye kichwa cha habari "YAH: KUOMBA UHAMISHO WA KUFUATA MWENZA", na nyingi zinafanana, maana walimu huazimana sampuli. Ziliambatishwa nakala ya cheti cha ndoa, barua ya ajira ya mwenza na barua ya mwajiri wake inayothibitisha kwamba yupo kazini. Mwalimu mmoja kijana, aliyekuwa akifundisha darasa la tatu katika kijiji cha mwambao wa Ziwa Tanganyika, aliongeza kitu ambacho hakuna mwongozo uliokitaka, nacho ni nakala ya kadi ya kliniki ya mtoto wake. Mkewe alikuwa muuguzi Korogwe. Nakala ilikuwa hafifu, imetolewa kwenye mashine ya dukani iliyokaribia kuishiwa wino, lakini mstari wa uzito ulionekana ukipanda taratibu, ukishuka kidogo, ukipanda tena. Nilimuuliza kwa nini ameiweka. Akanijibu kwa heshima kwamba cheti cha kuzaliwa bado hakijatoka, na alitaka wakubwa wajue kwamba mtoto yupo kweli. Nikaiacha palepale, nikaandika kwamba ombi lake napendekeza likubaliwe, nikaipeleka. Jibu lilikuja baada ya muda mrefu, likieleza kwamba shule aliyopo ina upungufu wa walimu, hivyo atafute mtumishi wa kubadilishana naye.

Hapo ndipo pana kiini cha malalamiko yangu. Msomaji ambaye hajawahi kuajiriwa na halmashauri huenda hajui kubadilishana ni nini. Ni kwamba mwalimu wa Rukwa anayetaka kwenda Tanga amtafute mwalimu wa Tanga anayetaka kuja Rukwa, mwenye sifa zinazolingana na zake, na wote wawili wakubaliwe na waajiri wao, ili pengo la mmoja lizibwe na mwingine siku ileile. Katika makundi ya WhatsApp ya walimu matangazo ya namna hii hayakauki: mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, nipo wilaya fulani mkoani Rukwa, natafuta wa kubadilishana naye kutoka Korogwe, Muheza, Handeni au Lushoto, shule ipo barabarani, umeme upo, maji yapo, aliye tayari anipigie. Anayesoma anajua kwamba umeme na maji vimetajwa ili kumvuta mtu, na anajua vilevile kwamba wanaotaka kutoka Rukwa, Katavi na Kigoma ni wengi kuliko wanaotaka kwenda huko. Mtu wa kubadilishana naye anangojwa kwa hamu kuliko mshenga, na tofauti ni kwamba mshenga angalau anatumwa na watu wanaojuana, ilhali huyu ni mtu usiyemfahamu, mwenye shida zake, ambaye akibadili mawazo dakika ya mwisho, au akipandishwa daraja, au mkuu wake akigoma kusaini, unaanza upya. Serikali iliwapanga watu hawa yenyewe, kwa orodha yake yenyewe, lakini kazi ya kuwarekebishia mpango huo imewaachia wao waifanye kwa simu zao na kwa vifurushi vyao vya intaneti.

Sasa tuangalie maisha yenyewe yalivyo, kwa sababu neno "kutengana" likisemwa hivihivi halionyeshi uzito wake. Kutoka Sumbawanga hadi Korogwe ni zaidi ya kilomita 1,200, kwa njia ya Laela, Tunduma, Mbeya, Makambako, Iringa, Morogoro, Chalinze na Segera, na mwalimu wa mwambao wa ziwa ana safari nyingine ya kufika Sumbawanga kwanza. Nauli ya likizo inayolipwa na mwajiri ni ya mara moja katika kila miaka 2, na hata hiyo hugeuka kuwa deni la kudai. Safari nyingine zote ni za mfukoni. Mkewe akijifungua, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa baba likizo isiyopungua siku 3, azichukue ndani ya siku 7 tangu mtoto azaliwe. Kwa mfanyakazi anayeishi na mkewe siku hizo ni chache lakini zina maana. Kwa mwalimu niliyemtaja zinaishia barabarani, hata baada ya mabasi kuruhusiwa kusafiri usiku mwaka 2023, na akipanda basi la kurudi huenda bado hajamshika mtoto mara mbili.

Mshahara nao unapaswa kuendesha nyumba mbili. Kuna kodi mbili, au kodi moja na chumba cha kijijini kinachohitaji taa na godoro, kuna magunia mawili ya mkaa, kuna dada wa kazi wa kumwangalia mtoto wakati mama yuko zamu ya usiku, na kuna pesa inayokwenda na kurudi kwa simu kila wiki. Tozo ya miamala ilipoanza Julai 2021 nchi nzima ilipiga kelele hadi ikapunguzwa, lakini sikumbuki kusikia yeyote akitaja kundi hili la watu ambao kutumiana pesa ndiyo namna yao ya kukaa meza moja. Mfanyabiashara alitozwa kwa biashara yake, wao walitozwa kwa kumtumia mama hela ya unga.

Namkumbuka mwalimu huyo akifunga dagaa na migebuka mikavu katika boksi la sabuni, akizungushia kamba ya katani, akiandika jina la mkewe na namba ya simu kwa kalamu ya wino mzito pande zote nne, kisha akilikabidhi kwa konda. Boksi lilibadilisha gari Mbeya. Wakati mwingine lilifika baada ya siku tatu, wakati mwingine mkewe alikwenda stendi mara kadhaa akaambiwa bado. Kutoka Korogwe lilirudi boksi lilelile, limejaa machungwa na shati lililoshonwa kwa vipimo vya mwaka uliopita, kwa hiyo lilimbana au lilimpwaya. Sisemi haya ili kumhuzunisha msomaji. Watu hawa wawili walikuwa wakicheka sana walipozungumza kwa simu, na sisi wa jirani tulilazimika kusogea mbali, kwa sababu mtandao ulipatikana sehemu moja tu, karibu na ghala la pamba lililokwisha funga kazi, na kila mwenye wake wa mbali alisimama hapohapo.

Huo ndio uaminifu wa kifamilia ninaoujua mimi. Ni kazi ngumu, inafanywa kila siku na watu wa kawaida, na wengi wanaiweza. Lakini si wote wanaoiweza, na lazima tuseme hivyo bila kumung'unya maneno. Nimewaona walimu wanaume waliofungua nyumba ya pili kijijini, wakazaa, mshahara ukagawanywa mara tatu. Nimewaona walimu wanawake waliobaki peke yao katika nyumba za shule, wakasingiziwa kila aina ya jambo kwa sababu tu mgeni wa kiume aligonga hodi saa moja jioni kuleta mahudhurio. Mambo yanapoharibika wazee wa pande zote mbili huitwa, shauri hupelekwa katika baraza la usuluhishi wa ndoa, na kila kitu huulizwa isipokuwa barua ya kupangiwa kituo. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, katika kifungu cha 107, inaihesabu hali ya wanandoa kuishi mbalimbali kwa hiari kwa miaka isiyopungua 3 kuwa miongoni mwa mambo ambayo mahakama inaweza kuyapokea kama ushahidi kwamba ndoa imevunjika. Mwanasheria ataniambia kwamba kutengana kwa ajili ya kazi si kutengana kwa hiari, nami nakubaliana naye kabisa. Ninachotaka kuonyesha ni kwamba miaka 3 sheria yenyewe inaiona kuwa muda mzito kwa ndoa, ilhali katika uhamisho miaka hiyo huhesabiwa kuwa ni kusubiri kwa kawaida, na ajira mpya nyingi hutolewa kwa masharti kwamba mtumishi akae kituoni miaka kadhaa kabla hajaruhusiwa hata kuomba.

Wapo watakaosema kwamba hawa walioana wakijua. Baadhi ndiyo, lakini mara nyingi si hivyo. Wengi hukutana chuoni, Korogwe, Mpwapwa, Butimba au Tukuyu, wakaahidiana, kisha wakarudi makwao kungoja ajira, na kungoja huko siku hizi ni kwa miaka. Kijana aliyekaa nyumbani akifundisha masomo ya ziada kwa ujira wa kubahatisha, wazazi wake wakiwa wameuza ng'ombe ili asome, hawezi kuona jina lake kwenye orodha ya Kalambo au Buhigwe akasema haendi kwa kuwa mchumba wake yuko Same. Akikataa, nafasi inakwenda kwa mwingine. Anaripoti, anaoa, anaanza kuomba.

Sitaki nieleweke kana kwamba napinga mtumishi kupelekwa mbali na kwao. Mimi ni zao la utaratibu huo. Baba yangu alikuwa bwana shamba, mzaliwa wa Mahenge, akaletwa Ufipa miaka ya mwanzo ya Uhuru, na sisi watoto tulikua tukiongea Kifipa na wenzetu, Kiswahili nyumbani, na Kipogoro kwa salamu tu. Serikali ya Mwalimu Nyerere ilikuwa na makusudi iliposambaza walimu, waganga, mabwana shamba na wanafunzi wa sekondari katika mikoa isiyo yao, na matunda ya makusudi hayo tunayaona leo katika nchi ambayo Mmakonde anaoa Mhaya bila kikao cha dharura. Watoto wa Masasi walisoma Tabora, wa Bukoba walisoma Pugu. Hakuna mtu mwenye akili timamu anayetaka kila mwalimu afundishe kijijini kwao.

Lakini baba yangu alikuja na mama yangu. Hilo ndilo watu wanaosifia enzi zile hulisahau. Mtumishi alihamishwa na familia yake, mizigo ikapakiwa kwenye lori, na huko alikokwenda mara nyingi alikuta nyumba ya serikali, hata kama ni ya vyumba viwili na choo cha nje. Utaratibu ule ulisimama juu ya dhana kwamba mwajiriwa ni mmoja na mwingine anamfuata. Mama alikuwa mkulima, na jembe linalimia popote. Leo mke ana ajira yake, ana namba yake ya cheki, yaani ile inayomtambulisha katika orodha ya mishahara ya serikali, ana daraja lake la mshahara na deni lake la mkopo wa elimu ya juu, na hakuna atakayemwambia aache vyote hivyo akakae bila kazi kijijini kwa mumewe, wala mume afanye hivyo kwa mkewe, katika maisha haya ambayo mshahara mmoja hautoshi. Nyumba za serikali nazo nyingi ziliuzwa mwanzoni mwa miaka ya 2000, na za walimu hazijawahi kutosha. Tumeubakiza mpango wa kuwatawanya watu, tukaondoa vile vilivyoufanya ubebeke.

Hoja nzito dhidi yangu ni moja, nami niliitumia mwenyewe ofisini mara nyingi: shule za pembezoni hazina walimu. Tangu elimumsingi bila ada ianze mwaka 2016 watoto wameongezeka madarasani, na nimewahi kuwa na shule ambayo mwalimu mmoja alishika madarasa mawili kwa wakati mmoja, ubao huu Hisabati, ubao ule Kiswahili. Mkuu wa shule kama hiyo akimruhusu mwalimu mmoja kumfuata mwenza, anawaadhibu watoto ambao nao wana wazazi wao wanaowapenda. Ni kweli pia kwamba kufuata mwenza karibu siku zote kunaelekea upande mmoja, mjini na barabarani, na kwamba wapo waliojipatia cheti cha ndoa kwa ajili ya uhamisho tu, wakaishi kila mtu na wake baada ya kuhama. Nilikuwa naona vyeti ambavyo wino wake ulikuwa mbichi kuliko wa barua.

Hata hivyo naona hoja hiyo inaishia katikati. Udanganyifu wa wachache ni suala la kuhakiki, na mfumo unaoweza kumgundua mtumishi hewa unaweza kumgundua mume hewa. Kuhusu upungufu, sidhani kwamba mwalimu aliyezuiliwa ni sawa na mwalimu aliyepo. Mwalimu anayeomba likizo ya dharura kila muhula, anayechelewa kurudi baada ya Juni na baada ya Desemba, anayetumia mapumziko ya saa nne kutafuta mtandao, ambaye kila mwaka anaandika upya barua ileile na hajawahi kupanda hata mti mmoja katika uwanja wa shule kwa sababu anaamini mwakani hatakuwepo, huyo yupo kwenye orodha ya mishahara kuliko alivyo darasani. Wakaguzi wetu, ambao sasa ni wathibiti ubora wa shule, wanalijua hili ingawa haliandikwi hivyo katika taarifa zao.

Kinachonishangaza zaidi ni kwamba kufuata mwenza tumekuelewa kwa maana ya kumtoa wa kijijini kumpeleka mjini. Mbona hatuulizi kama yule wa mjini yuko tayari kuja? Mwalimu wangu wa mwambao wa ziwa alisema wazi kwamba mkewe angekuja Rukwa kama angehakikishiwa nafasi katika zahanati au kituo cha afya cha jirani, na zahanati hiyo ilikuwa na uhaba wa wauguzi kama ilivyo nyingi za huko. Halmashauri moja ingepata mwalimu aliyetulia na muuguzi aliyetulia kwa uhamisho mmoja. Lakini maombi ya elimu yalikuwa na njia yake, ya afya yalikuwa na njia yake, na hakukuwa na meza ambapo njia hizo mbili zinakutana. Familia ilikuwa moja, majalada mawili.

Niongeze kidogo kuhusu wazazi, maana uaminifu wa kifamilia hauishii kwa mume na mke. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inaitaja familia kuwa ndiyo taasisi ya msingi ya kuwatunza wazee. Vizuri, lakini familia hiyo ni akina nani? Ni huyohuyo mwalimu wa kike, mtoto pekee aliyebaki, ambaye baba yake amepata kiharusi Newala na yeye yuko Kasulu, analipa jirani amgeuze mzee kitandani na kumlisha uji, na kila simu inayoingia usiku inamkuta keshakaa. Ombi la kuuguza mzazi hudaiwa taarifa ya daktari, jambo ambalo ni sawa, lakini uzee wenyewe hauna taarifa ya daktari. Mzee wa miaka 85 ambaye hajalazwa popote hana karatasi ya kuonyesha, isipokuwa umri wake.

Nirudi kwa watoto, kwa sababu wao hawajaajiriwa na mtu. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kifungu cha 7, inampa mtoto haki ya kuishi na wazazi au walezi wake, na Katiba yetu katika ibara ya 16 inampa kila mtu heshima na hifadhi ya familia yake na unyumba wake. Sijasikia maandishi haya yakitajwa katika jibu lolote la uhamisho. Yangetajwa, hata pale ambapo jibu ni hapana, afisa angelazimika kupima haki hiyo dhidi ya uhitaji wa shule na kueleza amepimaje, badala ya kuandika mstari mmoja kwamba kituo kina upungufu.

Mapendekezo yangu si ya gharama kubwa. Serikali inawalipa mume na mke wote wawili, kwa hiyo inajua kila mmoja yuko wapi. Fomu ya kuomba ajira imuulize mwombaji kama ana mwenza katika utumishi na namba yake ya cheki, na upangaji wa kwanza uzingatie jibu hilo, hata kama maana yake ni kuwapeleka wote wawili Kakonko. Naamini wapo wengi watakaochagua Kakonko wakiwa pamoja kuliko Moshi na Mtwara. Nyumba chache za walimu zinazojengwa vijijini zitolewe kwanza kwa wanandoa waliokubali kwenda huko wote. Na anayeomba kufuata mwenza apewe tarehe ya mwisho ambayo ombi lake lazima liwe limejibiwa kwa sababu zilizoandikwa, na ikifika tarehe nyingine, mbali zaidi, sharti la kutafuta mtu wa kubadilishana naye liondoke mabegani mwake na jukumu la kuziba pengo lirudi kwa mwajiri aliyelifanya. Kwa ajira mpya zinazotangazwa kila mara, mwajiri ana vijana wengi wanaosubiri nafasi hiyohiyo, wengine wakiwa wazaliwa wa wilaya hiyohiyo.

Wakati haya yanafikiriwa, lipo moja ambalo linaweza kuanza hata muhula ujao bila sheria mpya, nalo ni kwa wakuu wa shule kupanga ratiba za zamu, usimamizi wa mitihani na likizo kwa kuwafikiria waliotengana na familia zao. Nimefanya kazi na Mwalimu Mkuu mmoja mwanamke aliyekuwa na daftari dogo lenye tarehe za likizo za wenza wa walimu wake, na mwalimu wa mbali hakupangiwa kulinda shule mwezi Desemba. Walimu wa shule ile waliomba uhamisho kama wengine, lakini waliporudi kutoka likizo walirudi kwa tarehe.

Bajeti ya TAMISEMI husomwa Bungeni kila mwaka mwezi Aprili, na waheshimiwa wabunge husimama kuulizia barabara, madarasa na vituo vya afya vya majimbo yao, kama inavyowapasa. Naomba mmoja wao, wa chama chochote, amuulize Waziri maswali mawili: ni watumishi wangapi wa halmashauri ambao maombi yao ya kufuata mwenza yamekaa zaidi ya miaka 3 bila kukubaliwa, na katika hao ni wangapi ambao wenza wao walikuwa tayari kuhamia kijijini kama wangeulizwa.

Wako,
Mwalimu mstaafu,
Sumbawanga, Rukwa